Rangi ya Nyemo

Rangi ile haina jina. Walioniuliza wote
niliwadanganya.
Lilikuwa kopo lililobaki shule ya Chinyoya,
na nusu kopo la kanisa moja kule Chamwino,
na masizi, na maji mengi,
maana Nyemo alikuwa na elfu kumi na nane
na ukuta ulikuwa mrefu.
Nikakoroga kwa mpini wa fagio.
Ikatoka kama majivu yaliyoota ndoto ya zabibu.

Akasema, "Hiyo hiyo. Paka."

Magauni alikuwa nayo saba.
Mengine yalikwama Kariakoo, kwa mtu anayemdai.
Akayatundika kwenye kamba ya katani,
baina ya gauni na gauni
nafasi ya kupita mama na mtoto mgongoni.
Kiti kimoja. Kioo kimoja, ufa ameugeuzia chini.
Bei hakuandika: kalamu ilikuwa yangu
na niliondoka nayo.

Wakaja.
Wanawake wa wizarani, wakitoka Mtumba jioni,
wakasimama katikati ya utupu ule
wakashusha sauti kama wameingia msibani.
"Huku kuna hewa," mmoja akasema.
Gauni la elfu sabini likaondoka kwa laki na ishirini.

Ng'ambo ya barabara, juu ya marobota,
Swalehe wa Kondoa alikuwa akihesabu migongo ya wateja.
Miaka ishirini na mbili duka lake lilining'inia:
sare, kanga, suti za kipaimara, soksi kwa dazeni,
hata mteja aliinama kama anaingia tembe.
Ukuta mwekundu wa nyanya mbivu. Mimi niliupaka.
Akanipungia kwa kikokotoo.

"Chilongani, nipake ile."
"Ipi?"
"Usinitanie. Ile."

Nikampaka ile,
safari hii kwa makopo mapya, kwa bei ya makopo mapya.
Shehena yote akaishusha stoo, akabakiza makoti saba.
(Saba! Alimtuma kijana akahesabu.)
Kioo chake kilikuwa kizima,
na nilimwona akikitazama kwa mashaka.

Baada yake akaja Ngowi, kisha mama wa vitenge,
kisha Wapemba wawili wenye mlango mmoja,
hata muuza viatu: jozi saba, kiti kimoja.
Mtaa mzima ukashusha sauti.
Mimi? Nilinunua bati ishirini.
Mdomo ulioezekwa hauvuji.

Ila mama mmoja wa Hombolo
alisimama katikati ya barabara, upepo umemjaza vumbi,
nusu ya pesa ya sare imefungwa pindoni.
Nusu nyingine alilipa Januari
kwa mtu mwenye ukuta mwekundu.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
"Baba, duka limehama?"
Nikamshika mkono, sikusema neno.
Swalehe akashuka stoo, akarudi na sare inayonuka dawa ya mende,
akampitishia mlango wa nyuma
kama anayeuza gongo.

Oktoba jua lilipokaza
wekundu ukaanza kupenya chini ya rangi yangu,
kwanza S, kisha mkia wa W.
Swalehe akaegemeza ngazi pale, kuficha.
Ngazi haikutosha.

Jana Nyemo kaja kwangu.
Deni amelimaliza, marobota kumi na moja yamefika.
"Fundi, ile hewa imenichosha.
Nataka lijae, mteja ainame.
Unaikumbuka rangi ya zamani ya Swalehe?"

Nikakuna kichwa, kama mtu anayekumbuka kwa shida.
Nusu kopo ninayo, chini ya kitanda.

"Ile," nikamwambia, "ni ghali."